Kibuyu Kisichovunjwa

Chisitu, Ndalambo
3 Septemba 1974

Baba Mdogo Enoka,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Shaban mwenyewe, yule wa lori la Tunduma. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe karani wako. Mwandiko wangu unaujua, darasa la tatu niliishia njiani, kwa hiyo soma polepole.

Mama anaumwa kifua. Akikohoa usiku mbuzi wanaamka. Juzi mgambo walikuja hapa mlimani, wakasema watu wote wa Chisitu tushuke bondeni kwenye kijiji kipya kabla ya mvua. Wakapiga chaki ukutani kwetu. Mama akawauliza, "Bondeni kuna nyumba?" Wakasema, "Mtajenga." Akawauliza tena, "Na mvua itatungoja?" Mmoja akacheka. Akasema, "Mama, wewe si shemeji yake Mwenyekiti? Muulize shemeji yako."

Sasa ndiyo nakuuliza. Mama anasema umchukue Vwawa, akae kwako mpaka kifua kipone.

Baba Mdogo, mimi huwa sisemi sana, hata wewe umewahi kunitania kwamba nimezaliwa na nusu ya ulimi. Lakini Mama ameniambia niandike hivi na mimi naandika. Anasema kaka yako Osea alipokufa, wazee walikukalisha kwenye kigoda chake. Wakakupa jina lake, ndiyo maana Bibi alikuita Osea mpaka anakufa. Ukanywa maji na Mama kibuyu kimoja. Mimi nikazaliwa baada ya hapo. Anasema kibuyu bado kipo, kimening'inia juu ya kitanda, na mke ambaye kibuyu chake hakijavunjwa ana mume.

Najua uliniagiza nikuite Baba Mdogo mbele ya watu na kwenye barua. Nakuita. Lakini yeye hajui akuite nani.

Njoo umchukue. Hata usiku njoo.

Yonasi

*

Vwawa
15 Septemba 1974

Kijana Yonasi Osea,

Salamu katika jina la Bwana na za Chama. Barua uliyoleta nimeisoma, kisha nimeitia kwenye moto. Na hii fanya vilevile. Usiandike tena mambo ya kigoda na vibuyu. Hayo ni mambo ya wazee waliokuwa gizani, na mimi nilikuwa kijana, nimetoka Kopabelti na Biblia moja na viatu vya mgodini.

Wewe hukuwepo. Hujui nchi hii ilikuwaje. Niliteremka Bonde la Rukwa kwa miguu, nimebeba vitabu vya nyimbo kichwani, nikalala juu ya mti simba wakiwa chini. Kanisa la Ndugu wa Agano, kutoka Ndalambo hadi Kamsamba, kila nguzo yake mimi niliichimbia. Na nilisema wazi tangu siku ya kwanza: mume mmoja, mke mmoja, na kurithi wajane ni dhambi. Mzee Amoni alimrudisha kwao Fides, mjane wa kaka yake aliyemrithi, kwa sababu ya mahubiri yangu. Mama yule alilia kanisani, na mimi sikurudi nyuma. Leo nimchukue shemeji nimweke nyumbani kwangu, Amoni atasema nini?

Mwezi wa kwanza wazee wa kanisa wanakaa kuamua kama niwekewe mikono kuwa mchungaji. Na mwakani kuna uchaguzi, jina langu linatajwa. Ukiwa na akili utaelewa.

Kuhusu kuhama, familia yangu lazima itangulie. Kiongozi akibakiza ndugu zake mlimani, nani atashuka? Nitaagiza trekta imbebe shemeji, asitembee. Mpe asali na maji ya moto.

E. Simbeye
Mwenyekiti wa Chama, Tarafa

*

Kijiji kipya, bondeni
20 Oktoba 1974

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumeshashuka.

Trekta ilikuja, haikupanda mlima. Dereva alisema tela litapinduka, akazima injini pale kwenye mto mkavu akalala chini yake. Mgambo wakasema familia ya Mwenyekiti itangulie, ni amri yako, kwa hiyo wakaanza na sisi. Nikamwomba yule mkubwa wao anipe siku moja nimtengenezee Mama machela. Akanitazama, akasema, "Wewe kumbe unaongea?" Wenzake wakacheka. Wakati wanacheka mwingine alikuwa ameshaingiza kibiriti kwenye nyasi za paa.

Mama alikuwa bado ndani. Nilimtoa mimi. Alirudi, nikamtoa tena, na ile mara ya pili alikuwa na kibuyu kifuani. Mahindi ya mbegu yaliungua. Blanketi liliungua. Yeye alitoka na kibuyu.

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye trekta. Ni mwepesi, Baba Mdogo. Nilikuwa nasikia kifua chake kwenye mgongo wangu kama mtu anasaga kitu. Njiani akanambia, "Usimlaumu. Alikuwa anaogopa tangu zamani, hata siku ile ya kigoda mikono ilimtetemeka maji yakamwagika." Akacheka kidogo, akakohoa.

Hapa tumepewa kipande cha ardhi na kigingi. Nimesimamisha miti na nyasi. Maji ni ya kisima kimoja, yana chumvi. Wanasema watu wa Chisitu ni mfano mzuri, picha yetu itatoka gazetini. Mvua imeanza juzi. Paa langu linavuja kila mahali, ninachofanya ni kumhamisha Mama kutoka pembe hii kwenda ile.

Sikuombi tena umchukue. Njoo tu akuone.

Yonasi

*

Vwawa
2 Desemba 1974

Kijana Yonasi,

Habari za msiba wa shemeji nimezipata kwa Shaban. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Jipe moyo.

Nitafika kesho na wageni wawili wa wilayani na wazee wa kanisa. Tafuteni viti. Kaburi lichimbwe karibu na barabara ya kijiji, watu waone kwamba hata sisi viongozi tunazika huku bondeni na hatukimbilii mlimani. Nimesikia baadhi wanataka kumrudisha Chisitu. Isiwe hivyo.

Nitaongoza ibada mwenyewe kwa kuwa alikuwa mke wa marehemu kaka yangu.

Kuhusu kile kibuyu, kiache ndani.

E. Simbeye

*

Bondeni
12 Desemba 1974

Baba,

Nimeandika hivyo na sifuti.

Sikukiacha ndani. Uliniona nimekishika. Nilisimama upande wa kichwa, wewe upande wa miguu, katikati Mama. Wazee wa ukoo walikuwa nyuma yangu, walikuwa wanangoja, kwa sababu kila mtu pale anajua mume anavunja kibuyu juu ya kaburi ndiyo udongo unaanza kumwagwa. Walikupa nafasi. Nilikunyooshea mkono nikiwa nacho, na mimi unajua siwezi kusimama mbele ya watu.

Ulikitazama. Niliona umekitambua. Ukatazama wageni wako, ukafungua kitabu cha nyimbo, ukasema, "Tuimbe."

Ukaimba vizuri. Halafu ukahutubia. Ukasema marehemu alikuwa mwananchi wa kwanza kuitikia wito wa kuhama, na kwamba alihama kwa furaha. Mama! Kwa furaha! Mzee Amoni alitema mate chini, hukumwona, mimi nilimwona. Halafu ukanipa mkono, ukasema, "Pole sana, kijana wa Osea," ukaingia kwenye Landrova.

Udongo ulimwagwa bila kibuyu kuvunjwa. Wazee wanasema amezikwa kama mke wa mtu anayengojwa. Mimi siwezi kukivunja, mtoto havunji cha mama yake. Anayeweza ni mume, au aliyeketi kigoda cha mume. Ni wewe huyohuyo kote.

Nakihifadhi mpaka uje. Mimi sina nyumba tena wala mbegu. Naenda Tunduma kupakia mizigo kwa Shaban.

Mwanao Yonasi

*

Vwawa
9 Februari 1975

Mwanangu Yonasi,

Anayeandika ni dada yako Roda, maneno ni yangu mimi Marita, mke wa Enoka. Hajui kama naandika.

Barua yako ile ya kumwita baba nilisomewa na Roda kwa siri. Usiogope. Mimi nilijua tangu siku walipokunywa yale maji. Nilikuwa bi arusi, nilikuwa nasonga ugali wa wazee. Enesi, mama yako, alinijia jikoni akaniambia, "Mwenzangu, sikuomba." Tukalia wote wawili. Halafu tukacheka maana ugali uliungua.

Sasa nikwambie jambo ambalo yeye hatakwambia. Ile barua yako ya kwanza ilipofika, mimi nilisafisha chumba cha nyuma. Nilikipiga udongo upya, nikatandika kitanda. Nikamwambia, "Mlete mwenzangu, watu wakiuliza nitajibu mimi, nitasema ni mgonjwa wangu." Asubuhi nikakuta amekitia kufuli, na ufunguo kautia kwenye koti. Mpaka leo kile chumba hakijafunguliwa.

Wazee wa kanisa wamemwekea mikono, sasa ni Mchungaji Simbeye. Watu walikuja na kuku na mchele. Alipokuwa amepiga magoti nilimtazama shingoni. Amezeeka.

Nina mabinti watupu, unajua. Wewe ndiye mtoto wa kiume wa nyumba hii, hata kama nyumba hii haina mdomo wa kusema hivyo. Atakutafuta siku moja, akihitaji kitu. Siku hiyo fikiri vizuri, mwanangu.

Mama yako,
Marita

*

Vwawa
28 Septemba 1975

Kwa Yonasi, kwa mkono wa Shaban, Tunduma

Mwanangu,

Ni muda. Nasikia unafanya kazi vizuri, hunywi, hugombani. Nimefurahi.

Vikao vya juu vimerudisha jina langu. Tumebaki wagombea wawili wa ubunge, mwenzangu amepewa alama ya Jembe, mimi nimepewa Nyumba. Mkutano wa Ndalambo ni tarehe kumi na nane mwezi ujao. Wagombea wote tunasimama jukwaa moja, na wananchi wana haki ya kuuliza maswali. Nimeambiwa na mtu wa ndani kwamba Amoni ana swali, na swali lenyewe ni wewe.

Wewe huwa hudanganyi, ndiyo maana wakikuuliza wataamini. Nikianguka kwa jambo hili naanguka pote, kanisani na kwenye Chama. Na makanisa yote niliyoyajenga watu watayaita nyumba za mwongo. Siombi kwa ajili yangu peke yangu.

Njoo mkutanoni. Ukiulizwa, utajua la kusema.

Nami nakuahidi mbele za Mungu: uchaguzi ukiisha, nitakuja na wazee kwenye kaburi la Enesi, mchana kweupe, na nitakivunja kile kibuyu kwa mkono wangu. Iwe kama mlivyotaka.

Wako,
Enoka

*

Tunduma
30 Oktoba 1975

Baba,

Nimesikia redioni kwa Shaban kwamba Nyumba imeshinda. Watu wa hapa sokoni wameimba. Hongera.

Najua ulikuwa jukwaani, lakini jukwaa lilikuwa mbali, labda hukusikia yote. Acha nikwambie ilivyokuwa chini.

Mzee Amoni aliomba kuuliza swali. Akasema halimhusu mgombea, linamhusu kijana mmoja, asimame. Nikasimama. Sijawahi kuona macho mengi namna ile. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya tumbaku yake. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi niliambiwa na mchungaji huyu nimfukuze Fides, mke niliyeachiwa na kaka yangu. Nikamfukuza. Akavuka kwenda Nakonde na mtoto mgongoni, mpaka leo sijui kama wako hai. Nataka kujua kitu kimoja tu kabla sijafa. Baba yako ni nani?"

Nikasema, "Osea."

Akasema, "Osea nilimzika mimi, mwaka wa nzige. Wewe ulizaliwa mwaka ule daraja lilipobebwa na maji. Hapo katikati watu wamevuna mara mbili."

Nilikutazama, ukatazama karatasi zako. Basi nikasema, "Mama alisema mimba yangu ililala."

Ulisikia kicheko. Bila shaka kicheko ulikisikia. Kuna mwanamke alipiga kelele, "Mwe! Huyo mama tembo!" Mwingine akasema, "Ililala kwa nani?" Wakacheka mpaka mgambo nao wakacheka. Wanamcheka Mama, aliye pale barabarani, mahali ulipochagua wewe. Mzee Amoni peke yake hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Haya, mtoto wa Osea. Nimekusikia. Na wote wamesikia." Akaenda zake.

Nimefanya uliyotaka. Nimelipa kwa jina la Mama. Sasa nangoja siku utakayotaja ya kibuyu. Nitaomba ruhusa kwa Shaban.

Yonasi

*

Tunduma
11 Julai 1976

Mheshimiwa Baba,

Shaban anasema alikuona Vwawa, una afya. Nilikuandikia Krismasi na Pasaka. Mvua zimeisha, barabara ya kijijini inapitika.

Nangoja.

Yonasi

*

Dodoma
2 Agosti 1976

Ndugu Yonasi Osea,

Mheshimiwa amepokea barua yako na anakushukuru. Kwa sasa ana shughuli nyingi za taifa. Ombi lako litashughulikiwa nafasi itakapopatikana.

Karani, kwa niaba ya Mheshimiwa E. Simbeye

*

Vwawa
19 Machi 1984

Mwanangu Yonasi,

Anayeandika ni Roda, mkono wangu wa kuandikia umekataa. Upande wa kulia wote umekataa.

Utakuwa umesikia kwamba kiti nilikipoteza mwaka wa themanini. Vijana walikuja na maneno mapya. Kanisa nalo lina wachungaji waliosoma vyuoni, wananiita Babu, wananipa kiti cha mbele na hawaniulizi kitu. Mama yako Marita alinitangulia mwaka jana. Nakaa kwenye chumba cha nyuma. Ndicho chenye jua asubuhi.

Nalala hapa nawaza habari za kigoda. Utashangaa. Mimi niliyehubiri miaka yote kwamba ni giza, sasa naona nikifa jina langu litafia humu ndani. Roda na dada zake wameolewa, watoto wao ni wa kina watu. Simbeye wa mlango wangu ni wewe. Nimewatuma watu kwa wazee wa Chisitu nikiomba siku yangu ikifika wakukalishe wewe kwenye kigoda changu, ubebe jina la Enoka. Wamejibu tu kwamba nikuulize mwenyewe.

Nakuuliza. Nitasema mbele ya yeyote kwamba u mwanangu, nitasema hata kanisani, wanibebe tu. Njoo na kile kibuyu, wanibebe mpaka bondeni nikivunje kwa huu mkono mmoja.

Niandikie. Hata neno moja, uniite kama ulivyoniita ile siku baada ya msiba. Barua zote nilizichoma, ile sikuichoma.

Baba yako,
Enoka

*

Chisitu
6 Aprili 1984

Mdogo wangu Enoka,

Pole kwa kuugua. Roda, msomee taratibu, na hapa mwanzoni usiruke.

Watu wako walipokuja kwa wazee, wazee walikuachia nafasi ya kuniuliza kwa sababu waliona haya kukwambia wao. Nakwambia mimi. Kijiji cha bondeni kilikufa. Kisima kilikauka mwaka wa vita vya Uganda, watu wakapanda tena huku mlimani mmoja mmoja, na hakuna mgambo aliyetuzuia. Kaburi la Mama likabaki kule peke yake, kando ya barabara isiyopitwa. Nikaenda kwa wazee nikawaambia, tutamwacha pale amefungwa kwa mume asiyekuja mpaka lini?

Mzee Amoni alikuwa hai bado. Yeye ndiye aliyesema. Alisema kigoda cha Osea kimeachwa wazi, aliyekikalia alikikana mbele ya kaburi. Na akasema kijana huyu alitamka mbele ya jimbo zima kwamba baba yake ni Osea. Neno limesemwa, tulilisikia, tulicheka. Basi akalie kigoda cha baba yake.

Wakanikalisha, wakanipa jina la Osea. Mikono haikunitetemeka. Tuliteremka wote bondeni, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaketi sikuwa mtoto tena, nilikivunja kibuyu juu ya kaburi, tukamwaga udongo upya, tukalia kilio ambacho hatukukilia ile siku ya viti. Mama yupo huru.

Kwa hiyo kibuyu hakipo, usibebwe kwenda popote. Na kigoda chako siwezi kukikalia, mtu haketi viwili. Hilo neno moja unalolitaka nililisema barua kadhaa mfululizo, na ulikuwa unajua kusoma. Sasa sina mahali pa kulitolea.

Lakini siku ikifika, Roda aniletee habari kwa lori la kwanza. Nitakuja. Nitachimba mwenyewe na nitasimama upande wa kichwa. Kaka mkubwa hamwachi mdogo wake azikwe na wageni.

Kunywa asali na maji ya moto.

Kaka yako,
Osea